Ulinzi wa Mitaa na Vijana wa Morogoro

Tuchukue mfano ambao mkazi yeyote wa Morogoro Mjini ataweza kuukamilisha mwenyewe bila ya msaada wetu. Ni saa mbili za usiku, stendi ya Msamvu. Mabasi ya Dodoma yaingia, ya Iringa yatoka, na wachuuzi wakimbilia madirishani na maji, korosho na mayai ya kuchemsha. Abiria mmoja apiga ukelele kwamba simu yake imenyakuliwa. Mtu asema, "Mwizi!" na wa pili aitikia hata kabla hajajua mwizi ni yupi. Barobaro mmoja aliyekuwa akikimbia akamatwa. Yumkini ndiye, yumkini siye. Baada ya dakika chache hakuna tena wa kuulizwa.

Kesho yake habari kama hiyo hupata mistari minne gazetini, na katika mistari hiyo msomaji huambiwa kwamba marehemu aliuawa na "wananchi wenye hasira kali". Twakiri kwamba hata kurasa zetu zimepata kuyachapa maneno hayo, tena si mara moja. Ni maneno mabaya. Yampa muuaji jina zuri la mwananchi, na yaipa hasira heshima ya hakimu. Sheria yetu ya jinai haimsamehi muuaji kwa kuwa tu walikuwa wengi, wala haimnyimi mwizi haki ya kusikilizwa. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, katika taarifa zake za miaka ya 2010, kilivihesabu vifo vya namna hii kwa mamia kila mwaka nchini kote. Na sote twajua ilivyo nadra kusikia kwamba mtu ameitwa mahakamani kujibu kwa nini alirusha jiwe la kwanza.

Tumeanza na mwisho wa jambo makusudi. Ada ya watu wetu, tukizungumza juu ya vijana na fujo, ni kuanza na kijana: kwamba ni mvivu, mvuta bangi, hasikii. Na kweli, wako walio hivyo, wala hatuna nia ya kuwapamba. Lakini usiku ule wa Msamvu, waliokamata ni vijana, waliopiga ni vijana, aliyeuawa ni kijana, na mlinzi wa mtaa aliyefika baadaye na filimbi yake naye ni kijana. Wote wanne huenda walisoma shule moja, Mji Mpya au Mwembesongo. Basi swali lililo mbele yetu halitoshi kuwa namna ya kuwazuia wahalifu wachache. Twataka kujua mji huu unafanya nini na vijana wake wote kati ya saa ya kuamka na saa ya kulala.

Na mji wenyewe si ule wa zamani. Reli ilipofika Morogoro mwaka 1907 ulikuwa mji mdogo chini ya milima ya Uluguru. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu katika Manispaa watu 315,866. Ile ya mwaka 2022 ikahesabu 471,409. Maana yake ni kwamba katika miaka kumi tu mji uliongezeka karibu nusu ya ukubwa wake. Tazama Kihonda, tazama Lukobe, tazama Mkundi: palipokuwa na mashamba ya mahindi leo pana nyumba zisizo na namba, na jirani hamjui jirani. Mahali ambapo watu hawajuani, ndipo "Mwizi!" linapokuwa neno la kuaminiwa upesi.

Viwanda navyo havikufuatana na watu. Katika miaka ya 1970 Serikali iliuchagua mji huu kuwa mji wa viwanda: viatu, ngozi, turubai, nguo, vyombo vya udongo. Kiwanda cha viatu kilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kikatazamiwa kuuza viatu hadi Ulaya, na hakikupata kufanya kazi ila sehemu ndogo mno ya uwezo wake mpaka kilipofungwa. Hatuyakumbushi hayo ili kuwacheka waliopanga. Twayakumbusha kwa kuwa baba wa kijana wa leo alikuja mjini akifuata ahadi ya viwanda vile, na mwanawe amerithi chumba cha kupanga bila ya kurithi ajira. Kazi aliyoipata mwana ni pikipiki ya mtu mwingine, ambayo sharti ailetee hesabu kila jioni, ama beseni la kuchuuza stendi. Na hata hilo beseni, tangu treni ya umeme ilipoanza safari zake kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi wa Juni 2024, na ya Dodoma ikafuata mwaka huohuo, abiria wengi hupita hewani juu ya daraja wala hawasimami dirishani. Treni ni neema kubwa kwa nchi. Lakini kila neema ina mtu aliyepoteza sehemu yake, na mtu huyo hapa kwetu ana umri wa miaka ishirini.

Liko jambo jingine ambalo wageni wa mji wetu hawalijui. Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na kwa mila zao mjomba ndiye aliyekuwa na sauti juu ya kijana: katika ardhi, katika kuoa, na katika kumkanya. Kijana aliyevunja adabu Matombo au Mgeta hakuitwa na polisi. Aliitwa na mjomba wake, na pale palikuwa na maneno, na faini, na chakula cha kupatana. Leo kijana yuko Chamwino na mjomba yuko mlimani. Mama yuko naye, lakini mama yuko sokoni Kingalu tangu alfajiri. Hatudai kwamba ya kale yote yalikuwa mema, kwani hata wajomba walikuwamo wadhalimu. Twasema tu kwamba kiti kile kimebaki kitupu, na hakuna ofisi yoyote ya Manispaa iliyokwisha kukikalia.

Kiti kitupu kina hatari zaidi katika mkoa huu, maana hatukai mbali na damu. Tarehe 8 Desemba 2000, kule Rudewa Mbuyuni wilayani Kilosa, watu 38 waliuawa katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Magomvi ya namna hiyo yamerudi mara kadhaa tangu hapo, Kilosa na Mvomero. Watoto wa pande zote mbili, waliokuwa wachanga ama waliozaliwa baada ya siku ile, leo ni watu wazima, na wengi wao ukiwatafuta utawapata mjini: huyu mlinzi wa usiku wa duka, yule mwendesha pikipiki. Tunamshukuru Mungu kwamba hawakuja na vita vyao. Lakini wamekuja na mafunzo, ya kwamba shauri lisilosikilizwa na wakubwa humalizwa na mwenye fimbo.

Sasa tuulize, nchi yetu imekwisha jaribu dawa gani? Wakoloni walikuwa na yao: kijana asiye na kazi mjini waliita mhuni, wakamkamata na kumrudisha kwao kwa nguvu, na wiki mbili hazikupita ila alikuwa amerudi mjini kwa miguu. Mwaka 1983, katika shida za uchumi, sisi wenyewe tukapitisha Sheria ya Nguvu Kazi, na watu waliohesabiwa kuwa wazururaji wakakusanywa Dar es Salaam na miji mingine kupelekwa mashambani. Nia ilikuwa kwamba kila mtu afanye kazi, na hakuna aliyeweza kuitukana nia hiyo. Lakini waliopelekwa walirudi, kama walivyorudi wa wakati wa ukoloni. Mtu haondoshwi mjini kwa lori. Huondoshwa, kama ni kuondoshwa, na shamba lenye bei nzuri ya mazao.

Kisha wakaja sungusungu. Hawa hawakuanzishwa na ofisi. Walianza wenyewe miaka ya 1981 na 1982 huko Unyamwezi na Usukuma, wizi wa ng'ombe ulipowashinda polisi, na kwa sheria ya mwaka 1989 walipewa uwezo wa kukamata. Walipunguza wizi, hilo hatulikatai. Walipiga na kuua pia. Hilo nalo lisikataliwe. Toka mwaka 2006 Jeshi la Polisi likaleta utaratibu wa polisi jamii, na ulinzi shirikishi ukaingia katika mitaa ya miji, Morogoro ikiwamo. Utaratibu huu ni mwema kwa asili yake. Wenye nyumba wachanga kidogo kila mwezi, vijana wa mtaa wazunguka usiku na tochi na filimbi, na polisi yajua majina yao. Mwanamke anayetoka kazini usiku Mafiga ndiye awezaye kusema kama una faida, nasi tumewasikia wengi wakisema unayo.

Lakini tuutazame kwa macho mawili. Kijana wa ulinzi shirikishi hupewa fimbo kabla hajapewa fundisho. Aghalabu haambiwi mpaka wa uwezo wake uko wapi, wala afanye nini akimkuta mtoto wa miaka kumi na tatu amelala chini ya meza ya soko. Ujira wake ni michango, na michango ikilegea, kama inavyolegea kila mahali baada ya miezi mitatu, mlinzi aliyekosa ujira hujua mlango upi una kufuli dhaifu kuliko mwingine. Tena hupewa kazi ya kuwakabili wenzake. Mara apatwa na uoga, mara apatwa na kisasi. Yeye ndiye mtu wa kwanza kufika pale Msamvu, dakika tano kabla ya polisi, na katika dakika tano hizo mtu huishi au hufa. Kama twataka pasiwe na vifo vya "hasira kali", basi huyu, kabla ya afisa yeyote, ndiye wa kufundishwa namna ya kumkinga mshukiwa kwa mwili wake na kumfikisha kituoni akiwa mzima. Fundisho lenyewe ni la siku mbili tatu. Halihitaji mfadhili kutoka ng'ambo.

Wako watakaosema, "Mwamtetea mwizi." La. Tuwakumbushe ya Dar es Salaam. Jioni ya tarehe 2 Januari 2015 jiji lile lilifungwa na hofu, maduka yakashuka vizuizi vyake, watu wakakimbizana mitaani kwa sababu ya vijana walioitwa Panya Road. Na fujo ile, kama ilivyoripotiwa wakati ule, ilianzia mazikoni: vijana walitoka kumzika mwenzao aliyeuawa na kundi la watu kwa tuhuma za wizi. Kundi moja liliua, na kundi jingine likalipa kwa yeyote waliyemkuta njiani. Mwaka 2022, mwezi wa Septemba, jina lile lilirudi tena, na mapanga yake, na nyumba zikavamiwa usiku. Kwa hiyo anayemkinga mwizi asichomwe hamfanyii hisani mwizi peke yake. Awakinga na wenye maduka wa kesho.

(Ghasia za siku ya uchaguzi, tarehe 29 Oktoba 2025, na vifo vilivyofuata, hatuzichanganyi na maneno haya. Zile ni habari za nchi nzima, zikaundiwa tume ya kuzichunguza, na kumwita kila kijana aliyekuwa barabarani siku ile kuwa ni kibaka ni kukosa kuona. Twasema hivi tu: nchi iliyozika watu wake ina sababu zaidi ya kutazama namna inavyokaa na vijana.)

Fujo hazianzii stendi. Mwaka 2009 ulifanywa uchunguzi wa taifa juu ya ukatili kwa watoto, na matokeo yake yakatangazwa mwaka 2011. Karibu wasichana watatu katika kumi, na mvulana mmoja katika saba, walieleza kwamba walitendewa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18; na karibu robo tatu ya wote, wasichana kwa wavulana, walipigwa ngumi, mateke au mijeledi na watu wazima au wapenzi wao. Aliyesoma hesabu hizo ataacha kushangaa mahali kijana alikojifunza kupiga. Serikali haikuzificha, na hilo ni sifa kwake. Ikaandika mpango wa taifa wa kukomesha ukatili kwa wanawake na watoto ulioanza mwaka 2017, ikaunda madawati ya jinsia na watoto vituoni polisi, na kamati za ulinzi wa wanawake na watoto mpaka ngazi ya kata na mtaa.

Hapa ndipo penye shimo ambalo twataka wakuu wa Manispaa walitazame. Kamati hizo zamjua mtoto mpaka atimize miaka 18. Siku anapoitimiza, jina lake latoka daftarini. Mikopo ya vijana ipo, nayo ni msaada wa haki: kwa sheria kila halmashauri yatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, bila ya riba. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 baada ya fedha nyingi kutorejeshwa na vikundi hewa kugunduliwa, na ikaanza tena mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Lakini nani hupata mkopo? Mwenye kikundi, katiba ya kikundi, akaunti ya benki, na andiko la mradi. Huyo ni kijana ambaye tayari amekwisha simama. Yule wa beseni, aliyemaliza darasa la saba ama kuacha kidato cha pili, asiye na kitambulisho wala mtu wa kumdhamini, hawezi kufika hata mlangoni. Basi kati ya kamati ya watoto iliyomwacha na kikundi cha mkopo kisichomtaka, ofisi ya tatu imjuayo kwa jina ni kituo cha polisi.

Vivyo hivyo kwa mafunzo ya ufundi. Tunacho chuo cha VETA Kihonda, tunacho chuo cha walimu wa ufundi stadi, tunacho Chuo Kikuu cha Sokoine chenye wataalamu wa kilimo wa kutosha kufundisha nusu ya bara hili. Miji mingi yatuonea wivu. Hata hivyo mtoto wa Mwembesongo apita nje ya kuta hizo miaka yote ya ujana wake, kama apitavyo chini ya kilele cha Bondwa: akiona kila siku, asipande hata siku moja. Hatuamini kwamba wakuu wa vyuo hivyo ni watu wabaya. Hakuna aliyepata kuwaomba waketi na mwenyekiti wa mtaa.

Kuna mahali mji huu umekwisha onyesha njia, nasi si haki tupite kimya. Shirika la Faraja Trust Fund, lililoanzishwa hapa mwanzoni mwa miaka ya 1990 na Dakta Lucy Nkya, lilianza kwa kuwahudumia watu ambao mji uliona aibu kuwatazama, wakati wa UKIMWI, kisha likaingia katika msaada wa sheria na habari za watoto wanaoingia katika mikono ya polisi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yakataza mtoto kuhukumiwa kifungo cha gereza, na yataka mashauri yake yasikilizwe katika mahakama ya watoto, ofisa wa ustawi wa jamii akiwapo. Na kwa aliyekwisha kuwa mtu mzima, Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 yampa hakimu ruhusa, pale ambapo kifungo hakizidi miaka mitatu, kumwamuru mkosaji afanye kazi ya umma badala ya kwenda gerezani. Afagie soko, achimbe mtaro, apande miti kandokando ya Mto Morogoro, na jioni alale kwao.

Sheria hizo zote mbili ni njema kuliko zinavyotumika. Kijana wa miaka kumi na tisa aliyeiba kuku akipelekwa gerezani miezi sita, hurudi akiwa amejua mengi ambayo hakuyajua alipokwenda. Mkoani kwetu liko gereza la vijana la Wami. Kila mwaka wako wanaotoka pale, na wengine njia yao ya kwanza ni ya kuja mjini, kwa kuwa kijijini wataonewa soni. Washuka hapohapo Msamvu. Hakuna mtu wa kuwapokea. Twaomba msomaji asimame hapa kidogo, maana kwa maoni yetu hili ndilo jambo lenyewe, kuliko semina zote tulizopata kualikwa. Taifa limemlisha kijana huyu miaka miwili, limemvika, limemlinda usiku na mchana kwa askari wenye mishahara. Na siku ya kumwachia lamwacha stendi, saa kumi na mbili jioni, pamoja na nauli.

Wako jirani zetu walioanza na kidogo kuliko sisi. Mwaka 1987, katika mabanda ya Mathare kule Nairobi, kilianzishwa chama cha michezo cha vijana kwa shauri rahisi kabisa: timu yenye kucheza mpira sharti pia iondoe taka mtaani kwake, na kazi hiyo huhesabiwa pointi katika ligi kama mabao. Waliocheza ndio waliokuwa waamuzi, makocha, na viongozi wa kamati. Timu iliyotoka humo, Mathare United, ilishinda ligi kuu ya Kenya mwaka 2008. Mathare haikugeuka peponi. Fujo za baada ya uchaguzi zilipita hapo pia. Lakini maelfu ya watoto walipata mtu mzima aliyejua majina yao na saa zao za mazoezi.

Na hata mbali zaidi, Glasgow, mji wa Uskoti uliosifika kwa visu, polisi walikata shauri mwaka 2005 kwamba kukamata peke yake kumeshindwa. Wakaunda kikosi cha kupunguza fujo kilichokaa pamoja na madaktari, walimu na watu wa ajira, wakawaita vijana wa magenge mbele ya hakimu na kuwapa njia mbili: msaada halisi kwa atakayeacha, na sheria kwa ukali wake kwa atakayeendelea. Katika miaka kumi iliyofuata mauaji katika Uskoti yalipungua zaidi ya nusu. Sisi hatuna fedha za Uskoti. Lakini jambo walilolifanya la maana halikuwa fedha. Ilikuwa kwamba polisi, daktari na mwalimu walimzungumza kijana mmoja kwa wakati mmoja, badala ya kila mmoja kumwandikia faili lake.

Basi, kwetu ni nini? Hatutaki kamati mpya. Morogoro ina kata 29, na kila kata ina kamati zaidi ya idadi ya viti vyake. Twataka kamati ya kata iliyopo, mara moja kwa mwezi, iwaketishe kwenye mkeka mmoja polisi wa kata, ofisa ustawi, ofisa wa vijana, mwalimu mkuu mmoja, imamu na padri, kiongozi wa maegesho ya bodaboda, na kiongozi wa ulinzi shirikishi. Na wazungumze majina, wala si mada. Fulani bin fulani ameacha shule tangu Pasaka: nani atakwenda kwao? Fulani ametoka Wami: nani fundi wa kuchomelea atakayempokea kwa miezi mitatu, na Manispaa itamlipia nini fundi huyo katika ile asilimia nne? Fulani na fulani wamegombana kwa ajili ya maegesho: nani mzee wanayemsikia wote wawili? Kiongozi wa bodaboda tumemtaja kwa sababu. Tangu kanuni za mwaka 2010 ziliporuhusu pikipiki kubeba abiria, hakuna chama kijuacho vijana wa mji huu kama maegesho yao. Wanao utaratibu, wanao wenyeviti, wanachangiana misiba. Tena wao ndio wa kwanza kufika panapopigwa ukelele, kwa wema au kwa ubaya.

Michezo na muziki tutavisema kwa ufupi, kwa kuwa vina wasemaji wengi. Huu ni mji wa Cuban Marimba na Morogoro Jazz, mji wa Salum Abdallah na Mbaraka Mwinshehe, na wazee wetu wangali wakijigamba kwa hilo. Leo kiwanja cha wazi kikiwapo Kihonda kesho kimewekwa mawe ya mipaka. Ofisa ardhi anayegawa kiwanja cha watoto afahamu kwamba anagawa pia kazi ya polisi ya miaka ishirini ijayo.

Ugumu hatuufichi. Ofisa ustawi wa jamii mmoja ana kata nyingi na pengine hana hata pikipiki. Polisi wa kata huhamishwa kabla hajazoea majina. Wenyeviti wengine wa mitaa hupenda walinzi wawe ni watu wao, na palipo na hivyo vijana hawataleta siri zao. Na wako wazazi wasiotaka mtoto wao atajwe mkutanoni, nao wana haki: majina hayo yasitoke nje ya mkeka, na atakayeyatoa aondolewe siku hiyohiyo.

Wakati wa kupanga bajeti Baraza la Madiwani huketi, na wananchi wana ruhusa ya kuingia na kusikiliza. Twawaomba wasomaji wetu wa Morogoro waende, na wamtume diwani wao aulize mambo mawili tu. La kwanza, katika fedha za vijana, ni vijana wangapi waliotoka gerezani au walioacha shule waliopata hata shilingi moja? La pili, ni walinzi shirikishi wangapi waliokwisha fundishwa kumfikisha mshukiwa kituoni akiwa hai, na ni nani aliyewafundisha? Majibu yatakayotolewa, yakiwa ya hesabu wala si ya ahadi, tutayachapa katika ukurasa huu kata kwa kata.